Lori Walilolikata Kwenye Filamu

Shule niliishia darasa la nne, pale Kashozi, lakini barua ya mtu mpumbavu naitambua kabla sijafungua bahasha. Ile ilikuwa na mihuri miwili na saini tano. Mtu mwenye neno la maana anasaini mara moja, basi.

Ilikuwa barua ya kamati. Mjukuu wangu wa kike, huyo niliyemlea mwenyewe, alikuwa ametengeneza filamu ya zile siku tulizohamishwa wakati wa vita ya Kagera, tukakimbilia kusini na watoto mgongoni. Ilikuwa ionyeshwe Bukoba mjini kwanza, halafu Muleba. Matangazo yalishabandikwa kwenye nguzo za umeme mpaka Kemondo. Ndipo wakubwa fulani wakakumbuka kwamba wao hawajaiona. Wakaunda kamati yao ya watu watano. Mmoja ni bwana mstaafu mwenye kipara, ndiye mwenyekiti. Wengine wanne kazi yao ilikuwa kumtazama yeye anatikisa kichwa upande gani, nao watikise upande huo.

Wakaiangalia, wakanywa chai, wakaandika: filamu ni nzuri, ina mafunzo, iruhusiwe, ila kipande cha lori kiondolewe.

Mabomu waliyaacha. Maiti za mtaroni, zimemwagiwa kitu chekundu kama soda, waliziacha. Askari wa nduli anayempiga mzee kwa kitako cha bunduki walimwacha, tena nasikia mmoja wao alipiga makofi. Kilichowachoma macho ni lori. Na lori lile lilikuwa langu.

Nieleze, maana mtu asiyejua atadhani nagombea gari.

Vita ilipoingia nilikuwa mke kijana, nina watoto wawili, mume wangu yuko kazini Mwanza. Nyumbani Kashozi tulikuwa mimi na mama mkwe. Baba mkwe alishakufa, amezikwa palepale kibanjani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ulikuwa msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, na mwaka ule senene walianguka hakuna mtu wa kuwaokota. Mizinga ilikuwa ikisikika upande wa mtoni, kisha ndege zikapita juu, watu wakasema sasa basi. Tukaondoka alfajiri. Mimi mtoto mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na kichwani nimebeba cherehani yangu ya mkono. Mama mkwe alikuwa na mguu mbovu, akawa anatembea kwa fimbo, hakulalamika hata mara moja. Tulikuwa tunakwenda Izigo, alikoolewa binti yake, wifi yangu.

Kagondo tukakuta lori. Lilikuwa limejaa watu, vitanda, kuku, mpaka mtu mwenye dirisha la nyumba yake, kaling'oa. Dereva akanitazama, akawapakia watoto wangu, mimi nikapandia gurudumu. Akasema: "Hapo panaingia kitu kimoja tu. Bibi au hilo lidude. Amua upesi." Mama mkwe akasema, "Pandisha cherehani, mimi nitakuja na lori la pili."

Nikapandisha cherehani.

Lori la pili halikuja. Sijui alikaa pale siku ngapi. Najua tu kwamba alirudi Kashozi kwa mguu ule mbovu, na waliobaki walimkuta ndani kwake amekufa, wakamzika kando ya mumewe.

Mimi nilipofika Izigo, wifi alikuwa amesimama njiani. Hakunisalimu, aliuliza: "Mama yuko wapi?" Na mimi, kabla hata sijautua mzigo, nikamjibu: "Amegoma. Amesema haliachi kaburi la baba."

Hilo ndilo lililoniponyoka, na halikuwahi kurudi. Watu wote waliliamini papo hapo, maana kwetu ni jambo la kuaminika: mjane anakaa kwenye kibanja alimozikwa mumewe, na wako wazee waliogoma kweli. Halafu akakutwa amekufa kwake. Nani angeuliza zaidi? Mume wangu alikufa anaamini hivyo. Mapadri walimwombea hivyo. Na cherehani ikafanya kazi. Nilishonea nusu ya Izigo miezi ile, wanangu hawakulala njaa, baadaye ikasomesha, ikajenga. Sijivuni bure, hakuna mwanamke Kashozi aliyeniona nakwenda kuomba chumvi.

Lakini wifi alimchukia mama yake. Hilo sikulipanga. Kila msiba, kila harusi, alikuwa na maneno yale yale: "Mama yangu alikuwa na mtoto mzima Izigo, akachagua mfu." Akija Kashozi anapita mbele ya kaburi la mama yake kama anapita kisiki. Amenizidi miaka minane, moyo wake una matatizo, vidonge anavimeza asubuhi na jioni. Nilikuwa nimebakiwa na muda mfupi wa kumwambia, au yeye muda mfupi wa kusikia, na mdomo wangu, huu unaoweza kumtukana mtu mpaka akasahau alikuwa anakwenda wapi, ulikuwa hauwezi.

Kwa hiyo mjukuu alipokuja na vinasa sauti vyake, akakaa nami jikoni namenya ndizi, akaniuliza habari za kuhama, nilimwambia. Nilimwambia lori, dereva na cherehani. Akaacha kuandika. Nikamwambia: "Andika. Na uweke kwenye filamu. Bibi yako wa Izigo aone kwa macho yake." Nilifikiri hivi: tutakaa pamoja kwenye giza, kitambaa cha sinema kitasema, mimi nitanyamaza, na tukitoka nje atakuwa anajua. Ujanja wa mwoga, lakini ndio niliokuwa nao.

Upigaji wenyewe wa filamu sitaki hata kuukumbuka. Walimleta msichana kutoka Dar es Salaam aniigize mimi. Ana kope ndefu kama mswaki. Wakampa ndizi amenye, akaimenya ndizi mbichi kama ya kuiva, anavuta ganda kwa vidole, utomvu ukamjaa, akapiga kelele kana kwamba kaungua. Nikamwambia, "Mwanangu, ungekuwa wewe mwaka ule, watoto wangekufa njaa kabla bomu halijafika." Alicheka. Hakujua kwamba simtanii. Ila kipande cha lori alikifanya vizuri, sina budi kusema. Aliipandisha cherehani halafu hakugeuka nyuma. Nani alimwambia kwamba sikugeuka? Mimi sikumwambia.

Basi, ile barua. Nikavaa gauni la Jumapili, nikaenda na mjukuu kwa kamati. Walikuwa chumbani wamekaa mstari, feni inazunguka, sambusa mezani.

"Shikamoo bibi," mwenyekiti akasema. "Karibu sana, shujaa wetu."

"Marahaba. Lori mnalitolea nini?"

"Bibi, sisi tunakulinda."

"Mnanilinda na nani?"

"Na watu. Watu watasemaje? Mwanamke wa Kihaya, mwenye heshima zake, anapakia cherehani, anamwacha mama mkwe barabarani!"

"Watasema alimwacha. Kwani alifanyaje?"

Mmoja wa wale wanne akakohoa. Mwingine, mama mmoja mnene mwenye wigi, akasema kwa upole wa kupaka mafuta, "Halafu bibi, ile sehemu inaonyesha kama malori hayakutosha."

"Hayakutosha."

"Tunajua hayakutosha."

"Sasa?"

"Sasa watoto wetu hawajui. Tuwafundishe mambo ya kutujenga."

Nikamwuliza yeye siku zile alikuwa wapi. Akasema alikuwa hajazaliwa. Nikamwambia inaonekana. Mjukuu akanibana mkono chini ya meza.

Hapo mwenyekiti akajisogeza mbele, akafuta mikono kwa karatasi. "Bibi, hatukuja kubomoa. Tuna ushauri mzuri kabisa. Lori likitoka, pale iwekwe sauti ya msimulizi, aseme: bibi kizee alikataa kuliacha kaburi la mumewe. Unaona? Ni mila yetu. Inatoa machozi. Na huyo mama mkwe wako anakuwa shujaa."

Nikabaki nimeikodolea macho sambusa yake. Mjukuu baadaye aliniambia alidhani nimepatwa na kiharusi.

Miaka yote ile nilidhani uongo ule ni wangu. Nilidhani ni mimi tu, mwenye kichwa changu, niliyeweza kuutunga kwa pumzi moja, mzigo uko kichwani. Niliuonea aibu, lakini niliuheshimu kidogo, kama mtu anavyomheshimu nyoka aliyemo ndani ya nyumba yake. Kumbe! Mtu yeyote mwenye kipara na mhuri anaweza kuutunga huohuo, neno kwa neno, sambusa ikiwa mdomoni. Wala hawakujua kwamba wanautunga mara ya pili.

"Mmefanya kazi kubwa," nikawaambia. Wakashukuru. Watu wa namna hiyo ukiwatukana kwa adabu wanashukuru.

Njiani nikamwambia mjukuu asisaini. Akasema, "Bibi, nisiposaini haionyeshwi kabisa. Walioigiza wote wanangoja. Vijiji vizima vimehadithia humu, si wewe tu."

"Basi wewe ni mwoga."

Akasimama katikati ya barabara, bodaboda ikampigia honi. "Mimi mwoga? Na wewe? Izigo si ng'ambo, bibi. Ungeshapanda gari zamani ukamwambia mwenyewe. Umenituma mimi na kamera!"

Mtoto niliyemfuta kamasi! Tulirudi nyumbani kila mtu anaangalia upande wake. Kesho yake akasaini.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Jengo la sinema la zamani, la Wahindi, siku hizi ni stoo ya magodoro, kwa hiyo walitumia ukumbi, wakaziba madirisha kwa mablanketi na kutundika kitambaa cheupe. Mbele walikaa wale watano, kila mmoja na chupa yake ya maji, kana kwamba wanavuka jangwa. Wifi aliletwa kutoka Izigo, amejifunga kitenge kipya. Nikamkalisha karibu nami, safu ya pili.

Filamu ikaanza. Mizinga ikalia, watoto wakapiga kelele ukumbini, wakubwa wakawanyamazisha. Msichana wa kope akamenya ndizi yake. Safari hii alikuwa na kisu, namshukuru Mungu. Tukatoka Kashozi alfajiri. Tukafika Kagondo. Na hapo, palipokuwa na lori, pakawa na majani ya migomba yanayopeperuka, na sauti nzito ya kiume, kama ya mtu anayetangaza dawa ya mchwa: "Lakini bibi kizee, kwa mapenzi ya kaburi la mumewe, alikataa kuondoka."

Watu wakapiga makofi. Kweli kabisa, makofi! Mtu nyuma yangu akasema, "Wazee wa zamani walikuwa wazee."

Wifi akafyonya. Akaniinamia sikioni. "Umemwona? Mpaka kwenye sinema. Mkaidi yule."

Filamu ikaendelea. Sikuona kitu. Taa zilipowashwa mwenyekiti alikuwa jukwaani tayari, ameshika kipaza sauti kama ameshika kuku, anashukuru mtu mmoja mmoja, halafu akasema, "Na sasa tumwite shujaa wetu mwenyewe, bibi yetu, atupe mawili matatu!"

Nikapanda. Msidhani niliogopa. Nilikuwa na hasira nzuri, ya kupanda nayo jukwaani. Nikawasalimu, nikaanza na kamati. Nikasema filamu hii ina mafundi wa aina mbili, mjukuu wangu aliyeshona na watu watano waliofumua. Nikasema mwaka ule tulikimbia askari wenye bunduki, leo tunakimbia watu wenye sambusa. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikasema mama mwenye wigi anataka kutujenga, aanze na barabara ya kwetu. Wakapiga meza. Mwenyekiti alikuwa anatabasamu kwa meno ya juu tu. Ilikuwa tamu, sitaki kudanganya. Ningeweza kuendelea mpaka magharibi.

Ndipo nikamwona wifi. Alikuwa anacheka kuliko wote, mdomo wazi hauna meno, anampiga jirani yake begani: huyo ni wifi yangu huyo, mke wa mdogo wangu! Alikuwa ananionea fahari.

Nikajua ninachofanya. Kamati ile ningeitukana kutwa nzima na bado nisingekuwa nimesema kitu. Nilikuwa nimejificha nyuma yao, na wao kwa ujinga wao walikuwa pazia zuri.

Nikamrudishia mwenyekiti kipaza sauti katikati ya sentensi. Nikashuka, nikakaa. Kicheko kilikuwa hakijaisha.

"Waitu, mwenzangu, umewanyoa!" wifi akasema.

Nikamwambia kwa Kihaya, polepole, maana Kiswahili kisingetosha: "Wifi, mama hakugoma."

"Hakugoma nini?"

"Kuondoka. Alikuwa anakuja kwako. Tulifika naye Kagondo. Lori lilikuwa na nafasi moja, mimi nikapakia cherehani. Nilikudanganya pale njiani, na nimekudanganya mpaka leo."

Alinitazama kama anayenitafuta kwa mbali. Jukwaani mwenyekiti alikuwa anaeleza umuhimu wa utamaduni.

"Alitaka kuja," wifi akasema.

"Alitaka."

"Unajuaje? Pengine alikuwa anakusindikiza tu."

"Alikuwa amevaa viatu. Vile vyeusi vya kanisani. Alivivaa kabla sijaamka, kwa mguu ule, vikambana njia nzima. Nikamwambia avue, akasema hawezi kufika kwa mkwe wake miguu mitupu."

Wifi akaweka mkono juu ya goti langu. Si kwa upendo. Alikuwa anatafuta pa kujishika. "Kila mwaka nimemtukana," akasema. "Mbele yako."

"Najua."

"Na wewe unanipa punje za kahawa nitafune. Unaniambia, tafuna wifi, tulia."

"Najua."

Mwenyekiti akashuka na kitenge cha zawadi kwenye mfuko wa nailoni, mpiga picha nyuma yake. "Bibi, hukumaliza hotuba! Hebu tusimame hapa na wifi, tupate picha ya mashujaa."

Wifi hakunyanyua hata kichwa. "Toka hapa," akamwambia. Kwa utulivu, kama unavyomfukuza kuku anayekanyaga maharage. Akatoka. Kitenge alikiacha kwenye kiti, sikukigusa.

Tulikaa mpaka watu wakapungua. Mjukuu akaja, akatutazama wote wawili, akaelewa. Wifi akamwuliza, "Hicho kipande walichokata, unacho?"

"Ninacho bibi, kwenye simu."

"Nionyeshe."

Tukatoka nje kwenye ngazi. Akaketi, akaishika simu karibu na pua kabisa, akajikinga jua kwa kitenge chake. Nilisimama nyuma yake, nikasikia sauti ya dereva wa kuigiza: bibi au hilo lidude. Akaangalia mpaka mwisho. Akasema, "Rudisha." Akaangalia tena. Mara ya tatu akaisimamisha kwa kidole, hata sijui alijifunzia wapi, akamwonyesha mjukuu.

"Mbona huyu hana viatu?"

Mjukuu akainama kuangalia. Yule mama aliyemwigiza mama mkwe alikuwa amesimama kando ya gurudumu na fimbo yake, miguu mitupu kwenye tope. "Viatu?" mjukuu akasema. "Bibi hakuniambia habari za viatu."

Wote wawili wakageuka kunitazama mimi.

Ni kweli, sikumwambia. Nilimpa lori, nilimpa cherehani, nikajiona mkweli kuliko Bukoba nzima. Viatu nilivibakiza, kwa sababu mwanamke asiye na viatu unaweza kujiambia kwamba hakuwa anakwenda mbali. Kamati ya watu watano walikata kipande kimoja. Mimi nilikata kabla yao, peke yangu, bila mhuri.

"Mwambie," wifi akasema.

Nikakaa ngazi ya chini yake, nikamwambia mjukuu habari za viatu: rangi yake, kamba zake, alivyovifuta kwa jani la mgomba tulipofika Kagondo ili visiwe na vumbi. Nyuma yetu walikuwa wanapanga viti na kuondoa mablanketi madirishani. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasimama kwa fimbo yake, akamwambia mjukuu amtafutie gari la Izigo. Mimi hakuniaga. Alipofika chini ya ngazi akageuka.

"Usije," akasema, "mpaka nikuite."

Bado hajaniita. Nasikia huko Izigo anawasimulia watu, msibani, sokoni, kanisani, hata wasiouliza: mama yangu alikuwa anakuja kwangu, na alikuwa amevaa viatu.